Nani Aseme Neno la Kwanza?

Pukuchueni mahindi yenu polepole, masikio nipeni mimi. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye ugomvi na mwenzake aumalize sasa, maana hadithi ya leo ni ya watu walionyamaza, na mimi sipendi kuisimulia katikati ya makelele. Ipyana, acha kumrushia dada yako magunzi. Tayari? Haya.

Kabla sijawa bibi yenu nilikuwa matroni katika Sekondari ya Lusungu, shule ya misheni kule milima ya Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Na kama mnadhani shule ya kanisa ni mahali pa kunong'ona, mmepotea. Ilikuwa shule ya kelele hiyo! Wanafunzi waliimba wakifagia, waliimba wakichota maji, na masufuria ya jikoni yalioshwa kwa sauti nne, huyu besi, yule soprano. Walimu nao waliimba. Mlinzi wetu alikuwa akifungua geti kwa pambio. Mgeni akifika alidhani kuna harusi.

Siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya kuamkia Majilio, yale majuma ya kuingojea Krismasi, Lusungu yote ilinyamaza. Tuliiita Siku ya Ukimya. Kengele ya asubuhi ikishalia, mkuu wa shule mwenyewe alipanda mnarani akaufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa, na kuanzia hapo hakuna kusema. Si mwanafunzi, si mwalimu, si mpishi. Siku hiyo watu walisali moyoni na kutendeana mema kimyakimya. Ungekuta mtu amekufulia soksi zako na humjui ni nani. Jioni, kabla jua halijazama, tuliingia kanisani wote, na mkuu wa shule akamwita mbele mwanafunzi mmoja, yule aliyewatendea wenzake jambo kubwa kuliko wote siku hiyo bila kuuvunja ukimya. Huyo alisimama akasema Neno la Kwanza.

Neno moja tu, jamani, lakini neno hilo! Likishatoka, shule nzima ililipokea kwa wimbo, kengele ikafunguliwa, tukaenda kula pilau. Tena neno lenyewe lilipakwa rangi juu ya mlango wa bwalo, likakaa pale mwaka mzima, na kila aliyeingia kula alilisoma. Mwaka mmoja lilikuwa "Asante." Mwaka mwingine "Simameni." Kuna mwaka alichaguliwa kijana mmoja mwema sana ila mwenye njaa, harufu ya jikoni ikampata vibaya, akafungua mdomo akasema, "Pilau!" Hakuna kurudisha neno. Mwaka mzima mlango wetu ulisomeka PILAU, na askofu alipotutembelea alisimama pale akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa washikeni watu watatu, msiwaachie.

Wa kwanza ni Tusekile, wa kidato cha tatu. Kipaji chake kilikuwa macho. Msichana mpole, hata akijibu swali darasani mwalimu husema, "Rudia, mwanangu, sijakusikia." Lakini ukipoteza kifungo, sindano, funguo, nenda kwa Tusekile. Alikuwa akiona si kilichopo tu, bali hata kisichokuwepo. Wewe unaingia chumbani unaona vitanda. Yeye anaona shuka lililokuwa pale jana na leo halipo.

Wa pili ni Gwamaka, wa kidato cha nne. Kipaji chake kilikuwa mikono. Ilikuwa mikono yenye nguvu isiyo na adabu: akifungua mlango, kitasa kinabaki kiganjani; akikaa kwenye dawati, dawati linalia. Kila wiki alikuwa na adhabu ya kutengeneza alichokivunja. Naye alitengeneza huku anacheka, kisha akavunja kingine.

Wa tatu ni Bupe, naye wa kidato cha nne. Kipaji chake kilikuwa sauti. Hiyo sauti, wajukuu zangu! Akiimba kanisani unasahau deni la dhambi zako. Akimwita mtu kutoka jikoni, hageuki huyo peke yake, wanageuka na watu wa barabarani. Ubaya wake, Bupe alikuwa domokaya. Siku ya Ukimya ilikuwa msalaba kwake. Kidato cha kwanza alijigonga kidole kwenye ngazi kabla hata ya uji, akasema, "Aisee!" Kidato cha pili alicheka, kisha akaeleza kwa nini anacheka. Kidato cha tatu alifika mchana salama, akalala kidogo, akaongea usingizini.

Na hakuna kitu alichokitamani Bupe duniani kama kusema Neno la Kwanza. Alikuwa na neno lake, amelitunza tangu aingie Lusungu, hajamwambia mtu. Huu sasa ulikuwa mwaka wake wa mwisho; ukipita, ndio basi. Isitoshe bibi yake, aliyemlea tangu mtoto, alituma salamu kwamba atakuja jioni ya Siku ya Ukimya. Alisema, "Mjukuu wangu anyamaze mchana kutwa? Hilo nalifuata nikalione kwa macho."

Siku iliyotangulia niliwakuta Bupe na Gwamaka wakimenya vitunguu vya pilau.

"Dada Bupe," Gwamaka akasema, "kesho mimi nakupa mpaka chai tu."

"We Gwamaka, kesho utanyoosha mikono. Nimejipanga."

"Umejipanga na nani?"

"Na mdomo wangu. Tumekaa, tumeongea, tumeelewana."

"Ulimwachia na yeye nafasi ya kuongea?"

Akarushiwa kitunguu. Lakini nilipopita karibu Bupe alinishika mkono, hacheki tena. "Matroni, niombee," akasema. "Nalitaka sana hili jambo. Kesho nisiposhinda, sina kesho nyingine." Nikamwombea, kweli kabisa.

Kukapambazuka. Kengele ikalia, ikafungwa. Ukimya ukashuka juu ya Lusungu, hata kuku wakashangaa. Bupe alikuja kunywa uji leso ikiwa katikati ya meno. Akanywa vipi na leso mdomoni, mimi sijui, ila alikunywa. Kidole akajigonga, kwenye ngazi ileile, akaruka kwa mguu mmoja ua zima, machozi yanamtoka, na neno halikutoka. Wenzake walimpigia makofi ya kimya, viganja visigusane. Mchana ukafika. Hakulala, alijua usingizi ni adui. Nilimwona amekaa barazani kwa kanisa, anawaparulia wadogo zake viatu vyenye matope, uso unang'aa. Nikasema moyoni, leo kaweza!

Sasa, kulikuwa na kabinti ka kidato cha kwanza, Subilaga, kageni bado. Wakubwa walikatania kwamba mtu wa kidato cha kwanza akivunja ukimya, shule nzima inakosa pilau. Utani tu, lakini kenyewe kaliamini, kakaapa moyoni kwamba hata iweje halitakatoka neno. Mchana huo kalitumwa kwa ishara kuchuma maua meupe ya kupamba madhabahu. Maua hayo yalimea nyuma ya migomba, pembeni ya shimo walikochimba udongo wa matofali ya bweni jipya. Udongo ule ukilowa unateleza, mtu hasimami. Wingu likashuka, mvua ikaanza, Subilaga akanyoosha mkono kufikia ua la mbali kidogo, na huyo, akaserereka mpaka chini.

"Si apige kelele, Bibi!"

Ndiyo, Ipyana, wewe ungepiga mpaka Mbeya wangekusikia. Yeye alijaribu kwanza kupanda. Akapanda, akateleza. Akafikiria pilau ya shule nzima, akajaribu tena. Maji ya mvua yakaanza kuingia shimoni, yakafika magotini, yakafika kiunoni. Alipoona sasa pilau si kitu, akaita. Lakini mvua ilikuwa imeshaanza kupiga mabati, na mabati ya Lusungu yakipigwa na mvua humsikii hata aliye kitanda cha pili. Kenyewe baridi imekabana, sauti imekauka. Ilikuwa saa ya sala za moyoni, karibu watu wote wamo mabwenini, milango imefungwa.

Tusekile alikuwa kanisani akipanga viti. Madhabahuni palikuwa na vyungu viwili vya maua, kimoja kimejaa, kingine kitupu. Mimi nilikuwa nimepita pale nikakiona kile kitupu, nikaendelea na safari yangu. Mwalimu wa zamu alikiona, akapita. Tusekile hakuona chungu kitupu. Alimwona mtu ambaye hajarudi. Akatoka kwenye mvua bila hata kujifunika, akapita migombani, akakuta ua moja jeupe limedondoka, mbele lingine, na mbele yake shimo. Akachungulia. Subilaga alikuwa amefikiwa na maji kifuani, amekumbatia mzizi, macho yamemtoka.

Tusekile akafungua mdomo aite. Sauti yake mnaijua. Mvua ingeimeza hapohapo, naye alijua. Akatimua mbio.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Gwamaka, anapasua kuni chini ya mabati ya jiko, ambako kwa mvua ile sauti kama ya Tusekile haisikiki. Tusekile akamfanyia ishara: mikono juu, mikono chini, njoo, shimo, mtoto. Gwamaka akafikiri, akaelewa, akampa kuni. Tusekile akazitupa. Gwamaka akampa kuni kubwa zaidi. Masikini Tusekile, mtoto mpole yule, alimshika Gwamaka ukosi wa shati akamburuta! Hapo akaelewa kwamba hili si la kuni. Wakakimbia.

Gwamaka hakupima. Aliruka shimoni na viatu vyake. Maji yalimfika tumboni, Subilaga yakimfika shingoni. Akamnyanyua, akamweka mabegani, akanyoosha mikono ile ampandishe juu. Kila Subilaga aliposhika ukingo, ukingo ulimeguka, udongo ukamwangukia Gwamaka usoni. Akaona akilazimisha, ukuta wote utawaangukia. Basi akasimama. Akaikita miguu kwenye tope na kumshikilia yule mtoto juu, maji yakipanda kwake, mikono asiitikise hata kidogo. Kijana ambaye hajawahi kushika kitu kisivunjike, wajukuu zangu, siku hiyo alishika. Na kwa kuwa mtoto alikuwa analia na yeye hawezi kumwambia neno, alimvumia wimbo kwa pua, mmm, mmm, besi yake ileile ya kuoshea masufuria, mpaka kale kabinti kakatulia.

Tusekile alikuwa ameshageuka kutafuta watu. Mlango wa kwanza akaugonga, nani amsikie, mvua yenyewe inagonga mabati yote. Kengele imefungwa ulimi, na ufunguo wa mnara anao mkuu wa shule. Akafika barazani kwa kanisa. Pale amekaa Bupe na viatu vyake, leso mdomoni.

Tusekile akamwonyesha migomba, akamwonyesha shimo, akajishika shingoni, maji hapa. Bupe akaelewa mara moja. Akasimama. Niliyaona haya kwa dirisha la chumba changu, sikujua ni nini, ila nilimwona Bupe akitazama geti. Pale getini, chini ya mwavuli, alikuwa anaingia bibi yake. Kazee kamepiga kanga mpya kabisa.

Alitazama geti, akatazama migomba. Kisha akaitoa leso mdomoni, akaenda katikati ya ua, kwenye mvua, akajaza kifua.

"NJOONIII!"

Yesu na Maria! Nimesikia radi za Rungwe tangu nizaliwe, lakini ile ilikuwa nyingine. "NJOONI SHIMONI! NJOONI!" Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Tukatoka mbio, walimu, wapishi, mabweni yote, mafundi wa bweni jipya wakaja na ngazi yao ndefu. Watu wakajipanga ukingoni wameshikana viuno wasiteleze, ngazi ikashuka, Subilaga akapanda, na nyuma yake Gwamaka, mwekundu kwa udongo, hajulikani. Na je, mtaamini? Katika vurugu lote lile hakuna mwingine aliyesema neno. Tulilia kimya, tukakumbatiana kimya, mpishi mkuu akacheza ngoma kwenye tope kimya kabisa, mikono juu. Mvua yenyewe ikakatika.

Bibi yake Bupe alikuwa bado amesimama palepale getini. Alichokisikia kwanza alipofika Lusungu ni sauti ya mjukuu wake. Nilimwona akitikisa kichwa, kama anayesema, nilijua tu. Halafu akaona watu wanapita na mtoto aliyefunikwa blanketi, akamwona Bupe anatembea nyuma ya wote, kichwa chini, anabubujikwa na machozi. Kazee kakaielewa siku yote. Kakavua ile kanga mpya kakamfuta mjukuu wake uso, matope na machozi pamoja.

Jioni tukaingia kanisani. Harufu ya pilau imefika mpaka madhabahuni. Subilaga nilimweka karibu nami, mzima, anatabasamu. Mkuu wa shule, Mwalimu Mwasandube, akasimama mbele, brashi ya rangi mkononi kama ilivyo desturi. Na yeye haruhusiwi kusema, kumbukeni. Akamwita Tusekile kwa mkono. Akamwita Gwamaka. Akamwita na Bupe. Bupe akatikisa kichwa, kama anayesema, niliuvunja ukimya, mimi simo. Mkuu akaita tena, akaja.

Wakasimama watatu. Mkuu akafungua viganja viwili: nani kati yenu? Tusekile akamnyooshea kidole Gwamaka. Gwamaka akamnyooshea Bupe. Bupe akamnyooshea Tusekile. Wakazunguka hivyo kama watoto wanaocheza. Kanisa zima likaanza kutikisika kwa kicheko kilichobanwa, mabenchi yanalia, na pale kwenye mabenchi vidole vikainuka, huku wanamtaka huyu, kule wanamtaka yule. Mkuu akamgeukia Subilaga kwa viganja vilevile: wewe uliyeokolewa, chagua. Kabinti kakawatazama mmoja mmoja, kakainua mabega, kakanitazama mimi.

Mpaka leo watu wa Lusungu wakikutana hubishana. Wapishi husema ni Tusekile. Sote tulikiona kile chungu, wanasema, tukapita. Asingemkumbuka yule mtoto, mikono na sauti vingeamka kwa lipi? Wengine wanawajibu kwamba kwake kunyamaza ni kila siku, ukimya haukumgharimu kitu.

Mafundi husema ni Gwamaka. Yeye ndiye aliyeingia shimoni, maji yangemfunika yeye kwanza, na ukimya wake hakuuvunja hata pale kifo kilipomfika tumboni. Wengine wanawajibu kwamba angebaki na mtoto wake mabegani mpaka maji yawapite wote wawili, kama asingetokea wa kuita.

Na wanakwaya, wote, husema ni Bupe. Tusekile na Gwamaka walitoa walichokuwa nacho, Bupe alitoa alichokuwa anakitamani. Lakini walimu wanasema sheria ni sheria, aliyevunja ukimya hasimami, tukianza kupindisha mwaka huu mwakani kila mtu atakuwa na shimo lake. Ndipo wanakwaya wanapoinuka na kuuliza: kwani neno la kwanza la siku ile lilikuwa lipi? Si lilishasemwa pale uani, kwenye mvua, na shule nzima si ililipokea? Brashi ilikuwa inangoja nini tena?

"Sasa Bibi, alisimama nani?" 

Mnaona Atupele anavyotaka kunichungulia mfukoni! Nilikuwepo, mwanangu. Nilimwona Mwalimu Mwasandube akikata shauri, nikamwona aliyesogea mbele, nikalisikia neno, na wimbo uliofuata ulipasua anga. Neno hilo nililisoma mwaka mzima nikiingia kula. Pilau nayo, acheni tu, ilikuwa tamu sana siku ile.

Lakini siwaambii. Mkuu wa shule alisimama mbele yetu na brashi mkononi, na brashi hiyo sasa nawapa ninyi. Tusekile aliyeona, Gwamaka aliyeshika, au Bupe aliyeita: je, wewe ungemsimamisha nani, na mlango wa bwalo ungeandikwa neno gani?

Chakula kiko jikoni, na hakipakuliwi mpaka mtu anijibu. Mimi nanyamaza. Neno la kwanza ni lenu.